Mahitaji, uhaba, faida: maneno ya kawaida yanayowatatiza wanafunzi wa uchumi

Kuna jibu moja ambalo kila aliyewahi kusahihisha madaftari ya uchumi ya sekondari amekutana nalo. Swali linauliza nini hutokea bei ya bidhaa inapopanda. Mwanafunzi anaandika: bei ikipanda, mahitaji hupungua, mahitaji yakipungua, bei hushuka, kwa hiyo bei ikipanda, hushuka. Ukiitazama kila sentensi peke yake, inaonekana sawa. Ukiziunganisha, unapata jambo lisilowezekana.

Mwanafunzi huyu si mzembe. Amesoma, amekariri, na ameifuata hoja yake kwa uaminifu mpaka mwisho. Kilichomwangusha ni neno moja, "mahitaji", ambalo katika sentensi ya kwanza lina maana hii na katika ya pili lina maana ile.

Kwa maoni yangu, ugumu mwingi wa somo hili umejificha hapo. Hesabu zake sehemu kubwa ni kujumlisha, kutoa na asilimia, na mchoro wake maarufu kuliko yote ni mistari miwili inayokatana. Tatizo ni kwamba somo limeyachukua maneno tunayoyatumia kila siku, uhaba, gharama, faida, mtaji, akiba, likayapa maana finyu, kisha likaendelea kuyatumia kana kwamba hakuna kilichobadilika. Mwanafunzi wa kemia akikutana na neno "oksidi" anajua hilo ni geni, anakaa macho. Mwenzake wa uchumi akikutana na "mahitaji" anadhani wanajuana tangu utotoni.

Kwa hiyo nitaipitia mitaala ya uchumi ya sekondari, ambayo karibu kila nchi inafanana kwa mada zake kuu, kwa kuyafuata maneno yenyewe.

Uhaba usioisha, na gharama isiyoonekana kwenye risiti

Mada ya kwanza huwa uhaba. Mtaani, uhaba ni kitu kuadimika: umekwenda kutafuta, hukupata. Katika uchumi, uhaba upo hata pale ambapo rafu zimejaa. Mwaka 1932 mwanauchumi Mwingereza Lionel Robbins aliieleza elimu hii kuwa ni uchunguzi wa namna binadamu anavyohusisha malengo yake na nyenzo chache ambazo kila moja ingeweza kutumika kwa jambo zaidi ya moja. Zingatia sehemu hiyo ya mwisho. Saa moja ya leo inaweza kwenda kwenye kusoma, kazi au usingizi, lakini haiwezi kwenda kote kwa pamoja, na tajiri mkubwa kuliko wote duniani naye ana saa 24 tu.

Kile cha mtaani, cha kwenda kutafuta na kukosa, somo linakiita upungufu. Upungufu hutokea pale ambapo, kwa bei iliyopo, wanunuzi wanataka kingi kuliko wauzaji walichotoa. Bei ikibadilika, upungufu unaweza kuondoka. Uhaba hauondoki.

Kutoka kwenye uhaba linazaliwa wazo ninaloliona kubwa kuliko yote katika somo zima: gharama mbadala. Ukichagua kimoja, gharama yake ni kile bora zaidi ulichokiacha. Ni kimoja tu hicho, wala si jumla ya vyote ulivyoviacha, maana hata kama usingechagua ulichochagua, usingeweza kuvipata vyote. Mtu akiamua kuendelea na masomo kwa miaka miwili, gharama yake ni ada pamoja na mshahara ambao angeupata kwenye kazi bora aliyoiacha. Chakula alichokula katika miaka hiyo hakihesabiwi, kwa sababu angekula vilevile kazini. Wanafunzi wengi hukosea hapo: huandika kila pesa iliyotoka mfukoni, na husahau ile ambayo haikuingia.

Wazo hilohilo linageuza maana ya "faida". Chukua seremala anayefanya kazi katika chumba chake mwenyewe. Kwa mwezi anauza vitu vya 100, na analipa 70 kwa mbao, umeme na msaidizi. Mhasibu atamwambia faida ni 30, na kwa kazi yake mhasibu yuko sahihi. Lakini seremala huyo angeweza kuajiriwa kwingine kwa mshahara wa 25, na chumba chake angekipangisha kwa 8. Ameacha 33 ili apate 30. Kiuchumi amepata hasara ya 3, ingawa hakuna risiti itakayoonyesha.

Bila mfano wa namna hii, sura ya ushindani kamili, yaani soko la wauzaji wengi wa bidhaa ileile ambako yeyote anaweza kuingia na hakuna anayepanga bei peke yake, inakuwa fumbo. Kitabu kinasema kwamba katika muda mrefu kampuni zenye ushindani kamili hupata faida sifuri, na mwanafunzi anajiuliza kwa haki kabisa: kwa nini basi wasifunge? Kwa sababu sifuri hiyo imepatikana baada ya mwenye biashara kujilipa mshahara na kodi ya chumba kama ambavyo angelipwa kwingine. Vitabu vinaiita faida ya kawaida. Anabaki pale kwa kuwa hakuna pa kwenda penye nafuu zaidi.

Mahitaji ni orodha

Sasa lile neno lenyewe. Katika mazungumzo ya kawaida, mahitaji ni yale ambayo mtu hawezi kuishi bila hayo: maji, mavazi, matibabu. Katika uchumi, mahitaji ni utayari wa kununua ukiambatana na uwezo wa kulipa. Mgonjwa mahututi asiyeweza kulipia dawa ana haja kuliko mtu yeyote, lakini sokoni hana mahitaji. Maana hiyo inauma, na nadhani mwalimu asiipite haraka. Mwanafunzi akishaielewa, anaelewa pia kwa nini swali la nani apate matibabu au elimu haliwezi kuachiwa soko peke yake: soko husikia wenye uwezo wa kulipa tu.

Tabaka la pili la maana ndilo lililozaa lile jibu la ajabu. Mahitaji si namba moja. Ni orodha nzima: bei ikiwa 10, watu wako tayari kununua vipande 80, ikiwa 12, vipande 70, ikiwa 14, vipande 60. Ukiichora orodha hiyo unapata mstari unaoteremka. Mstari wote ndio mahitaji. Nukta moja juu yake inaitwa kiasi kinachotakiwa.

Bei ikipanda kutoka 10 hadi 12, kinachopungua ni kiasi kinachotakiwa, kutoka 80 hadi 70. Orodha yenyewe haijaguswa. Tumehama tu kutoka bei ya kwanza kwenye orodha hadi ya pili. Mahitaji hupungua pale ambapo kitu kingine, tofauti na bei ya bidhaa ileile, kimebadilika: kipato cha watu, bei ya bidhaa mbadala, bei ya bidhaa inayotumika pamoja nayo, idadi ya wanunuzi, upendeleo wao, au wanachotarajia kesho. Hapo orodha inaandikwa upya. Kwa bei ya 10 sasa wanataka 60, kwa bei ya 12 wanataka 50, na mstari wote unasogea kushoto. Kusogea huko ndiko kunakoshusha bei. Rudi sasa kwenye jibu la mwanafunzi: "mahitaji" ya sentensi ya kwanza yalikuwa kiasi kinachotakiwa, na ya sentensi ya pili yalikuwa mahitaji kamili. Mnyororo ulikuwa umekatika tangu mwanzo.

Mfano mmoja unasaidia kuliko maelezo kumi. Bei ya wino wa mashine za kuchapisha imepanda kwa sababu kiwanda kimoja kikubwa kimeungua. Katika mchoro wa wino, mstari wa mahitaji haukusogea hata kidogo. Uliosogea ni wa ugavi, yaani orodha ya kiasi ambacho wauzaji wako tayari kuuza kwa kila bei, na wanunuzi wamepanda juu ya mstari wao uleule. Katika mchoro wa mashine zenyewe, mambo ni tofauti: mashine na wino hutumika pamoja, hivyo mstari wa mahitaji ya mashine unasogea kushoto na bei yake inashuka. Tukio ni moja, michoro ni miwili, na majibu hayafanani. Mwanafunzi anayeanza kwa kujiuliza "ni nini kilichobadilika kwanza, na kimegusa orodha ya nani?" hapotei.

Niongeze jambo dogo kwa wale wanaotoka darasa la hisabati moja kwa moja kuingia la uchumi. Kule wamefundishwa kwamba kisababishi huwekwa kwenye mhimili wa mlalo. Huku wanaikuta bei, ambayo ndiyo tunayosema inaamua kiasi, imesimama kwenye mhimili wa wima. Hawajakosea wao. Alfred Marshall, aliyefundisha Cambridge na ambaye kitabu chake cha mwaka 1890 kilitawala madarasa kwa miongo mingi, aliichora hivyo, na vitabu vimemfuata hadi leo. Ni Marshall huyohuyo aliyejibu ubishi wa wakati wake kuhusu kama thamani inatokana na gharama za kutengeneza au na manufaa kwa mnunuzi. Alisema ni sawa na kubishana kama karatasi inakatwa na ubapa wa juu wa mkasi au wa chini.

Baada ya hapo hufuata unyumbufu, yaani kiasi kinachotakiwa kinaitikia kwa nguvu gani bei inapobadilika. Wanafunzi huikariri fomula na kusahau inatumika kwa nini. Inatumika, kwa mfano, kujua kama kupandisha bei kutaongeza mapato ya muuzaji. Bei ikipanda kwa asilimia 10 na kiasi kikashuka kwa asilimia 4, mapato yanakuwa 1.10 mara 0.96, yaani 1.056 ya yale ya mwanzo: yameongezeka. Kiasi kikishuka kwa asilimia 20, mapato ni 1.10 mara 0.80, yaani 0.88: yamepungua. Dawa isiyo na mbadala iko upande wa kwanza. Chapa moja ya sabuni miongoni mwa kumi iko upande wa pili. Unyumbufu ndio pia unaoamua nani hasa anabeba kodi. Sheria inaweza kumtaja muuzaji kuwa mlipaji, lakini mzigo humwangukia zaidi yule asiyeweza kukwepa, awe muuzaji au mnunuzi.

Ukiritimba, ushindani usio kamili, bidhaa za umma na madhara yanayowapata watu wasiohusika na biashara vinachukua kurasa nyingi, ila mwanafunzi aliyeelewa gharama mbadala na mahitaji huvipita bila shida kubwa. Kiwanda kinachomwaga taka mtoni hakilipi gharama yake yote. Sehemu yake wanailipa wanaokaa mbele, kule mto unakoelekea. Arthur Pigou alipendekeza, katika kazi yake ya mwaka 1920, kwamba kodi inaweza kuirudisha gharama hiyo kwa anayeisababisha. Mjadala wa leo wa kodi ya hewa ya ukaa unasimama juu ya wazo hilo.

Aliye bora katika yote bado ana sababu ya kununua

Biashara kati ya nchi ni mahali pengine ambapo akili ya kawaida hudanganya. Mwaka 1776 Adam Smith alieleza karakana ndogo ya kutengeneza pini. Watu 10, wakigawana hatua za kazi, mmoja kuvuta waya, mwingine kuunyoosha, mwingine kuukata, mwingine kuuchonga ncha, walitoa pini zaidi ya 48,000 kwa siku. Mtu mmoja asiyefunzwa kazi hiyo, akifanya kila hatua peke yake, alisema, hakika asingefikisha 20. Mgawanyo wa kazi ni rahisi kuukubali. Kinachosumbua ni swali linalofuata: itakuwaje kama mmoja ni bora kuliko mwenzake katika kila kitu?

David Ricardo alilijibu mwaka 1817 kwa mfano wa Uingereza na Ureno, na ninashauri kila mwanafunzi aukokotoe kwa mkono wake mwenyewe. Kutengeneza shehena moja ya nguo kunahitaji kazi ya mwaka mzima ya watu 100 Uingereza, na watu 90 Ureno. Shehena moja ya mvinyo inahitaji watu 120 Uingereza, na 80 tu Ureno. Ureno inashinda kotekote. Je, inunue nguo za Uingereza kwa sababu gani?

Hesabu hivi. Kila nchi ikijitegemea kwa shehena moja ya nguo na moja ya mvinyo, Uingereza inatumia watu 220 na Ureno watu 170. Sasa Uingereza itengeneze nguo shehena mbili: watu 200. Ureno itengeneze mvinyo shehena mbili: watu 160. Wabadilishane moja kwa moja. Kila nchi ina nguo moja na mvinyo mmoja kama mwanzo, lakini Uingereza imeokoa kazi ya watu 20 na Ureno ya watu 10.

Siri imo kwenye gharama mbadala, ile ya seremala. Ureno ikitengeneza nguo moja inaacha mvinyo wa 90 gawa kwa 80, yaani shehena 1.125. Uingereza ikitengeneza nguo moja inaacha mvinyo wa 100 gawa kwa 120, yaani kama shehena 0.83. Kwa kipimo cha kinachoachwa, nguo za Uingereza ndizo rahisi, ingawa Mwingereza anazitoa jasho zaidi. Hiyo ndiyo faida linganishi. Faida ya moja kwa moja hutazama nani anatumia nguvu kidogo. Faida linganishi hutazama nani anaacha kidogo. Mtihani ukitoa jedwali la namba, karibu kila mara unapima kama unajua tofauti hiyo.

Hapa nina manung'uniko kidogo juu ya vitabu. Hukokotoa hesabu, hufurahi, kisha hufunga sura. Hawaelezi vya kutosha kwamba wale Waingereza 120 waliokuwa wakitengeneza mvinyo hawageuki wafumaji kwa usiku mmoja, na kwamba nchi nzima kupata zaidi hakuna maana ya kila aliyemo kupata zaidi. Hesabu ya Ricardo inaonyesha kwamba kuna ziada. Nani anaipata, na aliyepoteza kazi anafidiwa vipi, ni swali jingine ambalo hesabu hiyo haikulijibu.

Lililo kweli kwa mmoja

Katikati ya mtaala, somo linabadilika. Linaacha mnunuzi mmoja na soko moja, linaingia uchumi jumla, ule wa nchi nzima, na huko mantiki iliyotufikisha salama huanza kutupoteza. Mtu mmoja uwanjani akisimama anaona mchezo vizuri zaidi. Wote wakisimama, hakuna anayeona vizuri zaidi, na miguu inauma.

Akiba ni hivyohivyo. Kwa mtu mmoja, nyakati ngumu zikija, kubana matumizi ni busara. Sasa fikiria wote wabane kwa pamoja. Matumizi yangu ni mapato yako. Nikiacha kununua, wewe unauza kidogo, unampunguza msaidizi, naye anaacha kununua kwa mwingine. Baada ya 1929 mkwamo wa aina hii ulienea nchi nyingi, na kufikia 1933 takriban robo ya nguvukazi ya Marekani haikuwa na ajira, huku viwanda vikiwa vimesimama vizima na mashine zake. Mwaka 1936 John Maynard Keynes alitoa hoja kwamba hali kama hiyo inaweza kudumu bila kujirekebisha, na kwamba serikali kutumia pesa wakati watu binafsi wanaogopa kunaweza kuukwamua uchumi.

Kutoka hapo ndipo hupatikana kizidishi. Tuseme kila anayepokea 100 anatumia 80 na kuweka 20. Matumizi mapya ya 100 yanakuwa mapato ya mtu, anayetumia 80, yanayokuwa mapato ya mwingine, anayetumia 64, kisha 51.2, na kuendelea. Jumla yake yote inakaribia 500. Katika maisha halisi namba huwa ndogo kuliko hiyo, kwa sababu katika kila mzunguko sehemu huchukuliwa na kodi na sehemu huondoka kununua bidhaa za nje.

"Uwekezaji" nao unahitaji tahadhari. Mtu akinunua hisa kutoka kwa mwenzake, mtaani tunasema amewekeza. Katika hesabu za taifa hakuna kilichowekezwa. Umiliki umebadilisha mikono tu. Uwekezaji ni kutengenezwa kwa mtaji mpya: mashine, majengo, barabara. Na mtaji, katika lugha hii, ni vitu hivyo. Pesa inaweza kuvinunua, lakini yenyewe haifumi nguo.

Mfumuko wa bei ndiyo mada ambayo hata watu wazima hubishana bila kusikilizana. Serikali inatangaza kwamba mfumuko umeshuka, wananchi wanajibu kwamba bei hazijashuka, na kila upande unahisi mwingine anadanganya. Kapu la bidhaa lilikuwa 100. Mwaka uliofuata bei zikapanda kwa asilimia 10, likawa 110. Mwaka wa pili zikapanda kwa asilimia 5, likawa 115.5. Mfumuko umeshuka kwa nusu, na kapu halijawahi kuwa ghali kama sasa. Kasi ya gari imepungua, lakini gari bado linakwenda mbele. Kama mshahara haukupanda, malalamiko ya wananchi ni ya haki, na takwimu nazo ni sahihi.

Riba husomwa kwa jicho hilohilo. Ukiweka pesa benki kwa asilimia 8 huku bei zikipanda kwa asilimia 10, salio lako linakua na uwezo wako wa kununua unapungua kwa karibu asilimia 2. Mfumuko ukishindikana kabisa kuzuiwa, pesa yenyewe hupoteza kazi yake: Novemba 1923, dola 1 ya Marekani ilibadilishwa kwa mark trilioni 4.2, pesa ya Ujerumani ya wakati huo, na watu waliokuwa wameweka akiba ya maisha yao katika mark walibaki na karatasi.

Kuhusu benki, kuna jambo ambalo vitabu vingi vya shule vimechelewa kulirekebisha. Wanafunzi hufundishwa kwamba benki hupokea amana ya 1,000, hutenga asilimia 10, hukopesha 900, nayo hurudi benki na kukopeshwa tena, mpaka pesa inaongezeka mara kumi. Mwaka 2014 Benki Kuu ya Uingereza ilichapisha ufafanuzi kwamba mambo hayaendi hivyo: benki inapotoa mkopo, huandika amana mpya katika akaunti ya mkopaji palepale, na kinachoizuia kutoa mikopo bila kikomo ni riba, mtaji wake, masharti ya wasimamizi na idadi ya wakopaji wanaoaminika. Mwaka 2020 Marekani ilishusha sehemu ya amana ambayo benki zililazimika kutenga hadi asilimia sifuri, na pesa haikuzidi bila kikomo. Kwa mtihani, jifunze kile mtaala unachodai. Ila ujue pia kwamba ule mfano ni ngazi ya kupandia.

Vipimo vya uchumi wa taifa vina mitego ya aina yake. Mtu anahesabiwa hana ajira endapo hana kazi, yuko tayari kuifanya, na anaitafuta. Katika watu 100 wa nguvukazi, 10 wakiwa wanatafuta, kiwango ni asilimia 10. Watano wakikata tamaa na kuacha kutafuta, wanaondolewa kwenye hesabu yote: watano katika 95, asilimia 5.3. Kiwango kimeshuka karibu nusu na hakuna hata mmoja aliyepata kazi.

Pato la taifa nalo huhesabu kinacholipiwa. Majirani wawili wanaolea kila mmoja watoto wake hawaongezi kitu. Wakiamua kila mmoja alee watoto wa mwenzake kwa malipo, pato linapanda, ingawa kazi ni ileile. Simon Kuznets, aliyeongoza kazi ya kulikokotoa pato la Marekani, aliliambia Bunge la nchi hiyo mwaka 1934 kwamba ustawi wa taifa hauwezi kusomwa kirahisi kutoka kwenye kipimo hicho. Kuanzia 1990 Umoja wa Mataifa umekuwa ukitoa kipimo kingine kinachochanganya kipato, elimu na matarajio ya kuishi, na mwanafunzi huombwa alinganishe vipimo hivyo viwili. Jibu zuri hutaja nani amesahaulika katika kila kimoja.

Mchoro na ushahidi

Kuna mada moja ambayo huwapa wanafunzi bora mashaka, na mashaka hayo ni ya kutunzwa. Ni kima cha chini cha mshahara. Mchoro wa ugavi na mahitaji unasema waziwazi: ukiweka mshahara juu ya ule wa msawazo, yaani pale mistari miwili inapokatana, waajiri watataka wafanyakazi wachache, wanaotaka kazi wataongezeka, na pengo ni ukosefu wa ajira. Mchoro ni uleule wa wino na mashine. Kilichobadilika ni jina la bidhaa.

Aprili 1992, jimbo la New Jersey nchini Marekani lilipandisha kima hicho kutoka dola 4.25 hadi 5.05 kwa saa. Pennsylvania, jimbo jirani, halikupandisha. David Card na Alan Krueger walilinganisha migahawa ya vyakula vya haraka pande zote mbili za mpaka kabla na baada ya badiliko hilo, na katika matokeo waliyochapisha mwaka 1994 hawakuona ajira ikipungua New Jersey. Wanauchumi wengine walipinga takwimu zao, ubishi ukadumu miaka mingi, na utafiti mwingi ukafuata. Card alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2021. Krueger alikuwa amefariki mwaka 2019.

Mwanafunzi akiusikia mkasa huo, huuliza kama mchoro ni wa uongo. Naona swali la kufaa zaidi ni ndugu ya lile la wino: ni nini kimedhaniwa kabla ya mstari kuchorwa? Mchoro unadhani waajiri ni wengi, wanashindana kugombea wafanyakazi, na mfanyakazi anaweza kuhama leo kwa leo. Kama mahali fulani mwajiri ni mmoja au wachache, yeye ndiye anayepanga mshahara, na huupanga chini kuliko mchango wa mfanyakazi kwa sababu akimwongezea mmoja itambidi awaongezee wote. Sheria ikishaupandisha mshahara kwa wote, hofu hiyo haipo tena, na kuajiri mtu wa ziada hakumgharimu zaidi ya mshahara wa huyo mmoja. Katika hali hiyo mshahara unaweza kupanda na ajira ikapanda nayo, mpaka kiwango fulani, kabla ya mchoro wa kwanza kurudi kuwa sahihi.